Maswali na Majibu: Uwezekano Wenye Sharti na Matukio Huru

Shikamoo mwalimu. Katika maswali ya kuchukua vitu viwili kimoja baada ya kingine, kwa nini uwezekano wa pili hubadilika? (Mwanafunzi, Kasulu)

Marahaba. Tuseme beseni lina samaki wanane aina ya migebuka, watatu wa jana na watano wa leo, nawe unachukua wawili bila kuwakagua. Uwezekano wa kwamba wa kwanza ni wa jana ni 3/8. Ukishamtoa wamebaki saba, na wa jana ni wawili tu, hivyo uwezekano wa kupata wa jana tena, kwa sharti kwamba wa kwanza alikuwa wa jana, ni 2/7. Uwezekano wa wote wawili kuwa wa jana ni zao la 3/8 na 2/7, ambalo ni 6/56, yaani 3/28. Ungemrudisha na kuwachanganya upya, matukio yangekuwa huru, yaani la kwanza lisingebadilisha uwezekano wa la pili, na jibu lingekuwa 9/64, ingawa sidhani kama yupo mchuuzi wa samaki wa Kibirizi, Kigoma, atakayekuvumilia.

Matukio huru na matukio yasiyoweza kutokea pamoja si kitu kimoja? (Ujiji)

La, yanakaribia kuwa kinyume. Ukirusha sarafu mara moja, upande mmoja ukitokea, uwezekano wa mwingine huwa sifuri. Matukio hayo yanategemeana kupita kiasi.

Mdogo wangu amezaa mabinti watatu mfululizo, na shemeji anashikilia kwamba wa nne atakuwa wa kiume kwa kuwa zamu imefika. (Mama, Mwanga)

Hakuna zamu, mama. Tukikadiria kwamba kila uzazi una nusu kwa nusu, uwezekano wa mabinti wanne mfululizo kabla hajazaliwa hata mmoja ni 1/16. Lakini watatu wakishazaliwa, uwezekano wa wa nne kuwa binti unabaki 1/2, kwa sababu uzazi uliopita hauamui ujao. Mawazo ya shemeji yaliwafilisi wacheza kamari wa Monte Carlo mwaka 1913, gurudumu la kamari lilipotua kwenye rangi nyeusi mara 26 mfululizo huku wao wakizidi kuwekea nyekundu fedha zao.

Kipimo fulani hukosea mara 5 tu katika 100. Kikionyesha ninaumwa, je, uwezekano wa kuumwa kweli ni asilimia 95? (Kibondo)

Si lazima, na hapa hata wasomi hujikwaa, kwa kuwa wanachanganya maswali mawili: uwezekano wa kipimo kuonyesha ugonjwa kwa sharti kwamba mtu anaumwa, na uwezekano wa mtu kuumwa kwa sharti kwamba kipimo kimeonyesha ugonjwa. Kanuni inayoyaunganisha ni ya Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza, iliyochapishwa mwaka 1763, miaka miwili baada ya kifo chake.

Tuhesabu watu badala ya asilimia. Kati ya watu 10,000, tuchukulie kwamba 100 wanaumwa. Kipimo kitawabaini 95 kati yao, lakini pia kitawasingizia ugonjwa 495 kati ya wazima 9,900. Walioonekana wagonjwa ni 590, na wanaoumwa kweli ni 95 tu, yaani kama asilimia 16. Sasa chukulia kwamba ni msimu mbaya na wanaoumwa ni 4,000: kipimo kitawabaini 3,800 na kuwasingizia 300, hivyo uwezekano unapanda hadi karibu asilimia 93. Kipimo hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni wingi wa ugonjwa miongoni mwa waliopimwa.

Huenda ukauliza kama kurudia kipimo kutaondoa shaka. Kutasaidia sana iwapo makosa ya mara ya kwanza na ya pili ni huru, na hilo halipatikani kila mara. Vipimo vingi vya haraka vya malaria hutafuta protini ya vimelea, nayo huweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya dawa kuviua vimelea vyenyewe. Aliyepona juzi akirudia kipimo hicho hicho, kosa litajirudia kwa sababu ile ile, na kuzidisha 5/100 kwa 5/100 hakutakuwa na maana yoyote. Kwa mtu kama huyo, afadhali damu iangaliwe kwa hadubini, ambayo humwonyesha mtaalamu vimelea vyenyewe.