Swali la Lugha: "Benison" ni baraka au radhi?

Swali: Nafasiri onyesho la kwanza la King Lear, tamthilia ya Shakespeare, kwa kikundi chetu cha maigizo. Mfalme Lear anapomfukuza bintiye Cordelia anatumia neno benison. Kamusi yangu inasema ni neno la kizamani lenye maana ya "baraka". Kwa nini hakusema blessing tu? Na je, "baraka" inatosha?

Jibu: Kamusi haijakosea, lakini hapo baraka haitoshi.

Benison liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, lugha ya mabwana walioiteka Uingereza mwaka 1066. Mzizi wake ni benedictio la Kilatini: bene ni "vema", dicere ni "kusema". Asili yake basi ni kumtamkia mtu mema. Neno hilohilo lilichukuliwa tena baadaye moja kwa moja kutoka Kilatini, likawa benediction, linalosikika makanisani mpaka leo. Benison lilikuwa na kinyume chake, malison, yaani laana.

Blessing halina udugu nao. Ni Kiingereza cha asili, bletsian, ambalo kwa kawaida huhusishwa na blod, damu: kukitakasa kitu kwa damu. Ukristo ulipoingia, likapewa kazi ya kufasiri Kilatini.

Kuhusu uteuzi wa Shakespeare, hesabu mizani. "Without our grace, our love, our benison" ni mizani kumi kamili. Weka blessing, zinabaki tisa.

Sasa Kiswahili. Baraka hutoka kwa Mungu. Chakula kidogo kikiwatosha wengi twasema kina baraka. Sheikh, padri au mzazi huiomba tu ishuke. Radhi ni ya mzazi mwenyewe. Ni neno la ukoo mmoja na kuridhika, ridhaa na kunradhi: moyo wake umetulia juu yako, naye anaweza kukupa au kukunyima. Ndiyo maana binti huomba radhi za wazazi kabla ya kuolewa, na wahenga wakasema radhi ni bora kuliko mali. Cordelia amekwisha kunyang'anywa fungu lake la ufalme, mfalme wa Ufaransa yuko tayari kumwoa mikono mitupu, na bado baba anamnyima hata hicho kilicho bora kuliko mali. Msikilizaji wa Kiswahili akisikia "radhi" ataelewa papo hapo ukubwa wa adhabu hiyo.

Utaniuliza kuhusu Esau, ambaye katika Mwanzo 27 ya Union Version analilia "mbaraka" wa baba yake. Pale Isaka anamwomba Mungu ampe mwanawe umande wa mbingu na wingi wa nafaka, kwa hiyo mbaraka ni sawa kabisa. Lear hamwombei bintiye chochote. Anazuia kilicho chake.

Katika Macbeth, tamthilia nyingine ya Shakespeare, mzee mmoja anawaaga wasafiri kwa God's benison. Hapo andika baraka bila wasiwasi: "Baraka za Mungu ziandamane nanyi."

Kwa Lear, ningeandika hivi, nikiuacha ule wingi wa kifalme, mfalme kujiita "sisi", usikike: "Basi nenda zako, bila fadhila zetu, bila pendo letu, bila radhi zetu."