Statini na ezetimibu kwa pamoja

Umeuliza kama statini na ezetimibu, dawa mbili za kushusha kolesteroli (mafuta kwenye damu), zinaweza kumezwa pamoja. Ndiyo, zinamezwa pamoja bila shida, na daktari hajakosea kukuongezea ezetimibu badala ya kupandisha statini. Ukidabo dozi ya statini, LDL (yale mafuta mabaya) inashuka kama asilimia 6 tu zaidi, ila ukiongeza ezetimibu inashuka tena karibu asilimia 20, kwa sababu statini inapunguza kolesteroli inayotengenezwa kwenye ini na hii nyingine inazuia ile inayofyonzwa kwenye utumbo, kila moja na njia yake. Utafiti wa IMPROVE-IT uliotoka 2015 ulifuatilia watu zaidi ya 18,000 waliokuwa wametoka kuugua moyo, na waliotumia zote mbili walipungukiwa na mashambulizi ya moyo na kiharusi, sio sana lakini tofauti ilionekana.

Ya kuogopa ni statini na jemfibrozili, dawa ya trigliseridi (aina nyingine ya mafuta kwenye damu). Hiyo inapandisha statini kwenye damu na misuli inaweza kuharibika mpaka figo zikafeli, serivastatini, mojawapo ya statini, iliondolewa sokoni 2001 kwa vifo vya namna hiyo na baadhi yao walikuwa wamechanganya na jemfibrozili. Ikibidi kuchanganya, fenofibrati, dawa ya kundi moja na jemfibrozili, ndo ina afadhali.

Kwahiyo mwambie daktari dawa ZOTE unazotumia, na misuli ikianza kuuma bila sababu au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi nenda hospitali siku hiyohiyo tafadhali, usingoje kliniki.