Operesheni ya mshipa wa uso: nilivyojiandaa na yaliyonikuta

Kama unasoma hii basi ama wewe ama mtu wako ana ule umeme wa usoni, hospitali wanauita neuralgia ya trijemino, sisi wengine tunasema tu mshipa wa uso. Sitakuelezea maumivu maana unayajua, na asiyeyajua hata nimuelezeje ataishia kuniuliza "kwani si kama jino?" Hapana jamani, sio kama jino. Mi nimeng'olewa magego mawili mazima kabisa kwa sababu ya hilo swali. La kwanza nikaambiwa lina mzizi mbovu, umeme ukarudi siku ya tatu, nikarudi likang'olewa la pili, umeme ukabaki pale pale na sasa nina pengo. Ushauri wangu wa kwanza kabisa ni huo: kama uchungu unapiga sekunde chache kama shoti alafu unapotea, na unachokozwa na vitu vya kijinga kama upepo wa dirisha la daladala au maji ya kunawia uso, usikubali jino lako liguswe mpaka umeonana na daktari wa mishipa ya fahamu.

Mi ni mwalimu wa darasa la tatu, hapa Tanga. Fikiria kazi yote ni kuongea. Miaka minne nimefundisha nikiwa nimejifunga kanga shavuni, watoto walishazoea, nikinyamaza katikati ya sentensi nikashika ubao wanajua mwalimu kapigwa, wananyamaza nao mpaka ipite.

Dawa tulianza na karbamazepini kama karibu kila mgonjwa wa huu ugonjwa. Hii dawa wengi wanaijua kama ya kifafa kwahiyo jiandae na famasi. Kijana aliniuliza kwa sauti na foleni iko nyuma yangu, "Dada, kifafa kimeanza lini?" Siku hiyo nilitaka nijifiche chini ya kaunta. Dawa yenyewe lakini usiidharau, wiki ya kwanza nilikula chapati upande wa kulia nikalia kwa furaha. Tatizo ni kwamba dozi inapanda, umeme nao unapanda, mwisho nikafika miligramu 1200 kwa siku na natembea kama nimelewa, majina ya wanafunzi yananipotea, alafu vipimo vya damu vikaonyesha chumvi mwilini imeshuka. Na kina dada mnaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, semeni kwa daktari, hii dawa inavipunguza nguvu, mi hakuna aliyeniambia mpaka nilipouliza mwenyewe.

Hapo ndo operesheni ikaanza kuzungumzwa. Nikaenda MRI, kile kipimo cha kupiga picha ya ndani ya kichwa, ikaonyesha mshipa wa damu umelala juu ya ile neva ya tano, yaani mshipa wa fahamu unaopeleka hisia za uso, pale inapotokea kwenye shina la ubongo. Daktari akanichorea kwa kalamu ya bluu nyuma ya karatasi ya vipimo, "Mwalimu, ona, huu unapiga kila moyo wako unapopiga, umechubua neva kama waya uliotoka ganda." Dawa yake ni kupasua nyuma ya sikio, kutoboa tundu dogo kwenye fuvu, kuutenga mshipa na neva, na kati yao kuweka kipande cha tefloni. Ndiyo, tefloni ile ile ya fraipani zisizogandisha. Nilicheka, alafu nikaacha kucheka nilipokumbuka ni kichwa changu.

Ziko njia nyingine, kuchoma neva kwa sindano ya joto, kuibana kwa puto, kuipiga mionzi, na kwa mtu mwenye umri mkubwa au magonjwa mengine zinaweza zikamfaa zaidi. Mi niliambiwa kwa umri wangu na MRI yangu hii ya kupasua ndo inayodumu zaidi. Kuna ripoti kubwa ya Marekani ya mwaka 1996 ya wagonjwa 1185 waliofanyiwa hivi, baada ya miaka 10 asilimia 70 walikuwa hawana maumivu bila dawa. Mama yangu alivyosikia asilimia 70 akasema "na hao 30?" Swali zuri. Lipeleke kwa daktari kama lilivyo, na mengine niliyompelekea ni haya: umefanya ngapi, sikio langu likifa itakuwaje, uso ukibaki ganzi itakuwaje, na ukifungua usikute mshipa wowote utafanya nini. Andika kwenye daftari, maana ukikaa mbele yake akili yote inahama.

Sasa maandalizi. Watu wote watakuambia jikaze, mwamini Mungu, sawa, lakini kilichonisaidia mimi ni vitu vidogo vya kipuuzi. Kwanza kula. Nilikuwa nimepungua kilo 14 kwa kuogopa kutafuna, daktari akasema siendi thieta nikiwa hivyo, kwahiyo mwezi mzima nikawa nakunywa uji wa karanga kwa mrija, asubuhi na usiku, mdogo wangu anasimama mlangoni mpaka kikombe kiishe. Pili ndugu wa kuchangia damu, tafuta mapema, wanaosema "nipo" kwenye simu ni kumi, watakaofika ni wawili. Tatu mwambie daktari wa usingizi kila kitu unachomeza, na hizo dawa za mizizi ulizoletewa na shangazi pia, na asprini na diklofenaki, kwa sababu kuna zinazofanya damu isigande, usione aibu, hawajakuja kukusuta.

Na usiache karbamazepini usiku wa mwisho eti kwa sababu kesho unapona. Mi nilishauriwa nimeze dozi ya asubuhi ile ile na funda moja la maji, nikameza. Ukikatisha ghafla umeme unaweza ukarudi na hasira zake zote ukiwa kwenye machela.

Kingine ambacho hakuna aliyeniambia: nilitoka harusini wiki moja kabla, vidole vyote vina piko. Kile kidude wanachobana kidoleni kusoma oksijeni kikagoma kabisa, sista akahangaika kidole hadi kidole, mwisho akakibana kwenye ncha ya sikio huku ananiangalia kama mwanafunzi mtundu. Toa rangi ya kucha, na usipake piko. Na nywele usisuke rasta za elfu hamsini, wananyoa kipande nyuma ya sikio.

Operesheni yenyewe sina cha kuhadithia, nililala. Niliambiwa ni kama masaa matatu. Ninachokumbuka ni ICU, wodi ya uangalizi maalum, sista anakuja na gozi yenye maji kunifuta uso, na kabla hajagusa shavu la kulia nikamdaka mkono kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Akasema taratibu, "Dada, nimeshafuta." Alikuwa ameshafuta kweli. Shavu lilikuwa limelowa na mimi sikuhisi kitu zaidi ya maji.

Ila usidhani hapo ndo mwisho. Siku mbili za kwanza nilitapika sana, kichwa kinauma, shingo imekaza kama nimebeba gunia, nikigeuza macho wodi nzima inazunguka. Sikio la kulia likawa kama limeingia maji ya bahari, nasikia sauti yangu mwenyewe kwa ndani, ilichukua kama wiki tano kufunguka. Siku ya nne mdomo ukatoka malengelenge, basi kila aliyekuja akasema hiyo malaria, mmoja akaja na dozi kabisa mfukoni. Daktari akasema sio malaria, kuna kirusi cha malengelenge ambacho wengi wetu tunacho kimelala humo humo kwenye ile neva, ikiguswa kidogo kinaamka. Nikapewa vidonge vyake, kikalala tena. Kwahiyo ikikutokea usishtuke lakini sema.

Ya kushtukia ni haya: maji yasiyo na rangi yanayochuruzika puani au kwenye mshono, au unasikia ladha ya chumvi kooni, homa na shingo kukakamaa, kichwa kinachozidi badala ya kupungua. Hapo hakuna kusubiri asubuhi. Maji yale yanaweza kuwa ya ubongo, na hayafutwi kwa kitambaa ukaendelea na maisha.

Nilikaa kwa dada yangu Temeke, Dar es Salaam, mpaka nyuzi zikatolewa na daktari akaniangalia tena, na bado basi la kurudi Tanga lilinifundisha adabu. Kila tuta kuanzia Chalinze mpaka Segera nimelihesabu kwa kichwa. Kama unaishi mbali panga bajeti ya kukaa karibu na hospitali angalau wiki tatu, na siku ya kurudi omba kiti cha mbele, weka mto nyuma ya shingo.

Nyumbani vita ilikuwa ni kuinama. Nilikatazwa kuinamisha kichwa, kunyanyua ndoo, kufagia kwa fagio la chelewa, kujikamua chooni (kula mapapai, nisikilize mimi), wiki sita. Kuswali niliswali kwenye kiti. Siku ya kwanza nilijisikia vibaya sana, nilihisi kama najidekeza, mume wangu akaniambia "dini haijakuwekea uzito, uzito unajiwekea mwenyewe," nikanyamaza. Na wageni! Kwetu mtu akitoka hospitali mtaa mzima unakuja kumjulia hali, kwa upendo, lakini watu kumi na tano wanaongea chumbani na sikio lina maji ni adhabu. Mume wangu akawa anawapokea barazani na kahawa, wanaopita ndani ni wawili wawili. Walionuna walinuna wakasahau.

Dawa nayo haikatwi siku hiyo hiyo. Tulipunguza taratibu, miligramu 200 kila baada ya muda aliopanga daktari, na kila tunapopunguza siku hiyo silali, nakaa kitandani nausikilizia uso. Hii ndo sehemu ambayo haipo kwenye karatasi ya hospitali. Umeme ulikwisha pale pale lakini mimi niliendelea kuishi nao kama miezi minne hivi. Naoga uso nimeugeuza. Natafunia kushoto. Nikipanda daladala nakaa upande usio na dirisha. Mwanangu akitaka kunibusu namgeuzia shavu lingine, na yeye alishajua, anazunguka mwenyewe, hiyo iliniuma kuliko mshono. Mazoezi niliyojipa ni ya kitoto: asubuhi moja napiga mswaki upande wa kulia, hesabu mpaka kumi, basi. Kesho ishirini. Wiki ya tatu nikanunua bisi pale stendi nikazitafunia kulia nikiwa nimefumba macho kama mtu anayesubiri sindano, muuza bisi akaniuliza kama zina mawe.

Imebaki ganzi kidogo pembeni ya mdomo, saizi ya shilingi, chai ya moto naipimia upande mwingine. Darasani nimerudi, kanga nimeivua, na wiki ya kwanza nilipokohoa katikati ya sentensi darasa zima likanyamaza kunisubiri.

Vidonge vilivyobaki bado viko kwenye droo, juu juu, siwezi kuvitupa. Mume wangu ameacha kuniuliza.