Dubu Mwache Nyumbani

Wiki iliyopita nilikaa nyuma ya darasa la nne, andalio la somo mapajani, nikimsikiliza kijana wetu wa BTP, yaani mwanachuo wa ualimu aliye kwenye mazoezi ya kufundisha, akisimulia hadithi ya mabadiliko ya tabianchi. Kabandika ubaoni picha ya dubu mweupe juu ya barafu. Watoto tisini na wanne, Kigoma hii hii, ziwa linaonekana dirishani. Akauliza, "Huyu ni nani?" Mmoja wa mbele akajibu bila wasiwasi: "Kondoo, mwalimu." Nilicheka mpaka daftari likaanguka, kisha nikajikumbuka, nikanyamaza.

Wadogo zangu, nawapenda, ila kila mwaka mnatuletea makosa yaleyale, na mengine niliyaasisi mimi. Haya basi.

1. Anza na ziwa. Barafu anayoijua mtoto wa Kibirizi, hapa ufukweni, ni ile ya kunyonya wakati wa mapumziko. Dagaa anawajua kuliko wewe. Mimi huenda na kikombe cha uji. Natia sukari, sikorogi, namwita mtoto aonje juu juu. "Hauna sukari, mwalimu!" Imo, nawaambia, imelala chini. Ndivyo Ziwa Tanganyika lilivyo: kina chake hufika karibu mita 1,470, na chakula cha vijimea vinavyolisha dagaa kimelala huko chini. Kusi akivuma, kati ya Mei na Septemba, anakoroga. Sasa maji ya juu yakizidi joto yanakuwa mepesi, yanaelea juu ya yale ya baridi, hayachanganyiki kirahisi. Mwaka 2003 watafiti walichapisha ushahidi kwamba ndicho kinacholipata ziwa letu. Mtoto mmoja alilimaliza somo lote kwa sentensi moja: "Kwa hiyo mwiko umekuwa mfupi." Nilimpa uji wote.

2. Mzazi wa mtoto asiwe fisi wa hadithi yako. Hapa nitakaa kidogo, maana bado panauma.

Ulikuwa mwaka ambao ziwa lilipanda likaingia kwenye nyumba za watu huko ufukweni. Nikatunga hadithi. Hadithi hadithi! Hadithi njoo! Mzee Fisi anakata miti, anachoma mkaa, anauza, anacheka. Ziwa linakasirika, linameza kijiji usiku. Nilipiga meza kama ngoma, sauti nikaibana puani, darasa likaitikia mpaka mwalimu mkuu akachungulia. Nikajiona fundi. Benchi la tatu palikuwa na mvulana asiyeitikia. Nyumba yao ilikuwa imeingia maji, wamehamia kwa shangazi yake, mtaa wa Mwanga. Na baba yake alikuwa anachoma mkaa. Yote mawili niliyajua! Sikuyaunganisha.

Siku ya tatu baba akaja, kandambili mkononi, tope mpaka magotini. Akasalimia vizuri, akaniuliza habari za nyumbani. Halafu akasema mtoto alikwenda usiku kuzima tanuri lake. Alifukua udongo ili amwagie maji, na dumu lenyewe la lita tano. Moto ukapata hewa. Asubuhi ni majivu matupu. "Anasema ananizuia nisiue watu wengine. Mwalimu, ni kweli mimi ndiye niliyelileta lile ziwa?"

Nikababaika. Nilijua jibu: zilinyesha mvua kubwa, na ziwa lote hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo. Miti ikiisha mlimani udongo unateremka ziwani, hilo ni kweli, lakini magunia ya mtu mmoja hayapandishi Tanganyika; na Afrika nzima inatoa kiasi kidogo mno cha hewa ukaa inayotoka viwandani na kwenye magari duniani. Niliyajua yote hayo nikiwa napiga meza, nikayaacha kwa sababu Fisi alikuwa anachekesha zaidi. Mzee hakudai hela. Angedai, ningelala.

Jumatatu nikaliambia darasa kwamba mwalimu alikosea, nikasimulia upya, safari hii bila fisi. Yule mvulana hakunitazama usoni mpaka wiki ya mitihani.

3. Neno "tabianchi" liandike ubaoni mwishoni, hadithi ikishakolea.

4. Mwalike bibi mmoja aeleze mvua zilivyokuwa zamani. Salamu peke yake zitakula nusu kipindi, vumilia.

5. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15. Ukiligusa hilo, ujue mbele yako wamekaa watoto ambao nyumbani kwao kulikuwa kugumu miezi mitatu. Watakuuliza kama samaki walirudi. Waulize wao kwanza, kila siku wako mwaloni na mama zao, wewe umekuja juzi na basi.

6. Zana. Kijana wa dubu, Jumatano nitakuwa tena nyuma ya darasa lako. Njoo na kikombe. Sukari ninayo ofisini.