Ile mashua kuukuu ya Ballycotton

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Nimefurahi umepata siku ya mapumziko hapo Cork, Ireland, ukawapeleka wajukuu zangu Ballycotton. Umeniuliza kwa nini kijiji kidogo cha wavuvi kihangaike na mashua kuukuu isiyoingia tena majini.

Hiyo ni Mary Stanford, mashua ya uokoaji. Nimekula chumvi ya bahari miaka mingi, na habari yake bado hunisisimua mwili. Februari 1936 dhoruba ilipiga hadi povu la mawimbi likaruka juu ya ule mnara mweusi wa taa mliouona kisiwani. Nje ya mlango wa bandari ya Cork kuna mwamba, Daunt Rock, na siku hizo palitiwa nanga meli ya taa ya kuwaonya mabaharia. Minyororo yake ikakatika, na ndani mna watu 8.

Patrick Sliney, nahodha wa mashua, alikuwa mvuvi. Hakungoja amri. Alitoka na watu 6, mmoja wao mwanawe wa kumzaa. Nawe ni mzazi, lipime hilo. Waliondoka tarehe 11, wakapata jumla ya saa 3 tu za usingizi, ngozi zimeungua kwa maji ya chumvi.

Jioni ya tarehe 13 upepo uligeuka, meli ikawa inasukumwa mwambani. Haikuwezekana kufunga kamba ubavuni, wimbi lingeibamiza mashua ikapasuka. Basi Sliney alikuwa anapita mbio kando ya meli, watu waruke, kisha anazunguka na kurudi tena, zaidi ya mara 10, gizani. Wawili wa mwisho waling'ang'ania vyuma, hawawezi kuruka. Wakakamatwa na kuvutwa kwa nguvu. Wote 8 walipona.

Baadaye mashua ilistaafu, ikaishia kuoza bandarini Dublin. Watu wa kijiji hawakuridhika, wakairudisha nyumbani mwaka 2014. Mimi nasema walifanya haki kabisa.

Na kazi yenyewe haijaisha. Chama cha waokoaji hao wa baharini, RNLI, kipo tangu 1824, na mabaharia wake wengi ni wa kujitolea; simu ikilia, mtu anaacha shughuli yake anakimbilia gatini. Mkirudi, waonyeshe watoto mashua ya sasa, halafu mfuate njia ya juu ya majabali. Wavike makoti mazito, upepo wa pale hauna huruma.

Baba yako