Swali la lugha: Ukubwa, wingi au uzito wa misuli?

Msomaji wetu wa Morogoro, mtaalamu wa tiba ya viungo anayeandaa kijitabu cha ushauri kwa wazee, ametuandikia hivi: "Ninapotaka kueleza kwamba misuli ya mtu imepimwa, niseme ukubwa wa misuli, wingi wa misuli au uzito wa misuli? Na je, nikiandika kwamba mwenye misuli kubwa ana nguvu, nitakuwa nimekosea?" Ametuletea pia sentensi moja ya rasimu yake, isemayo: "Wazee hupoteza wingi wa misuli na hivyo nguvu."

Ndugu msomaji, "ukubwa wa misuli" ni jina la jumla. Linafaa katika kichwa cha habari na katika maelezo yasiyo na tarakimu, lakini pindi unapoandika tarakimu halitoshi tena, kwa sababu msomaji ana haki ya kujua ni kitu gani kilichopimwa. Kiswahili kina majina ya kutosha kwa kazi hiyo, na kila kifaa cha kupimia kina jina lake linalokifaa.

Tuanze na "wingi", ambao umeenea sana katika makala za mazoezi na ambao mimi ningeuacha. Wingi ni habari ya idadi. Mwili wa binadamu una misuli ya mifupa zaidi ya 600, na idadi hiyo haiongezeki kwa baunsa anayeshinda akinyanyua vyuma wala haipungui kwa babu anayetembelea mkongojo. Kinachobadilika ni unene wa kila msuli. Ni kweli kwamba katika mazungumzo watu husema "ameongeza misuli", na hakuna anayedhani kwamba jamaa ameota msuli mpya. Hayo ni mazoea ya lugha, hayana ubaya. Lakini kijitabu cha afya kinapoandika "wingi wa misuli umepungua", mzee makini anaweza kuuliza ni misuli mingapi iliyotoweka, na atakuwa na hoja.

Sasa tutazame vifaa. Ukizungusha utepe kwenye shavu la mguu, mahali palipo panene kuliko pote, ulichopata ni mzingo, nao huandikwa kwa sentimeta. Baadhi ya vitabu vya zamani huita "kivimbe", na ni neno zuri kwa seremala anayepima gogo, ila mgonjwa akisikia kwamba "kivimbe cha mguu wako ni sentimeta 33" ataanza kutafuta mahali palipovimba. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wamekwisha kulizoea neno mzingo kwa sababu ya ule utepe wa rangi tatu wanaowapimia watoto wa miezi 6 hadi 59: huuzungusha katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto, na mzingo ukiwa chini ya sentimeta 11.5 utepe huangukia kwenye rangi nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Angalia kwamba hakuna anayeuita huo ukubwa wa msuli, na ni haki, kwa kuwa ndani ya mzingo huo mna ngozi, mafuta na mfupa pamoja na msuli. Kwa hiyo mwandishi anayesema "mzingo wa shavu la mguu" anasema kweli, na anayesema "mzingo wa msuli" anadai asichokipima. Wataalamu wa Asia wanaochunguza kupungua kwa misuli uzeeni, katika mwongozo wao wa mwaka 2019, walipendekeza kwamba mzingo wa shavu la mguu ulio chini ya sentimeta 34 kwa mwanamume na 33 kwa mwanamke uwe dalili ya kumchunguza mtu zaidi. Tarakimu hizo ziliwekwa kwa watu wa huko, na nisingezihamishia moja kwa moja kwenye kijitabu cha Morogoro.

Altrasaundi huonyesha unene wa msuli, kutoka utando wa juu hadi wa chini, kwa milimita au sentimeta. Picha ya CT au MRI huonyesha msuli ulivyokatwa kwa kukingama, kama unavyouona uso wa kipande cha muhogo baada ya kukatwa, na uso huo una eneo, ambalo huandikwa kwa sentimeta za mraba. Picha nyingi zikipangwa mfululizo kutoka nyonga hadi goti, maeneo hayo huweza kujumlishwa yakatoa ujazo, kwa sentimeta za ujazo. Hapa lugha ya mtaani na ya maabara zinakaribiana kwa namna ya kupendeza, maana kijana wa jimu naye husema kifua chake "kimejazia".

Inabaki habari ya kilo. Hospitali chache zina mashine ya DXA, inayotumia miale ya eksirei ya viwango viwili vya nishati kutenganisha mfupa, mafuta na sehemu nyingine ya mwili. Kwa kipimo cha namna hiyo "tungamo" ndilo neno la kisayansi, na "uzito" unaruhusiwa kabisa katika kijitabu cha watu wote. Lakini uzito wa nini? Mashine hiyo haipimi msuli peke yake, bali kila kilicho laini kisicho mafuta, pamoja na maji. Bucha wana jina la nyama isiyo na mfupa wala mafuta, nalo ni mnofu. Ningeandika bila kusita "uzito wa mnofu wa mikono na miguu", kwa sababu hapo sehemu kubwa ya mnofu ni misuli, ilhali kifuani na tumboni mnofu ni pamoja na maini, figo na vinginevyo.

Neno "kipimo" lenyewe pia linahitaji uangalifu. Linatumika kwa kifaa, kwa tendo la kupima, kwa kizio na kwa matokeo yake, kiasi kwamba sentensi kama "kipimo cha misuli kilikuwa 33" haimwambii mtu lolote. Andika "mzingo wa shavu la mguu ulikuwa sentimeta 33", na mjadala umekwisha.

Swali lako la pili lina uzito zaidi kuliko unavyolichukulia. Katika Kiswahili "ana misuli" humaanisha mtu wa miraba minne na pia mwenye nguvu, na nchi mbili zikizozana husemwa kwamba zinatunishiana misuli. Wanafunzi wa Tanzania nao "hupiga msuli", yaani husoma kwa bidii, bila kuondoka kwenye kiti. Lugha imeviunganisha vitu viwili ambavyo mwili hauviunganishi kikamilifu. Ni kweli kwamba msuli wenye eneo kubwa la mkato huweza kuvuta kwa nguvu zaidi, lakini mtu anayeanza kunyanyua vyuma huongezeka nguvu katika majuma ya mwanzo kabla msuli haujanenepa kwa kiasi cha kuonekana, kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuutumisha msuli uleule. Na uwezo wa mwanamichezo ni jambo la tatu: Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilometa 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna mwaka 2019, hawezi kuitwa mtu wa miraba minne.

Wataalamu wa uzee wenyewe walibadili msimamo kuhusu jambo hili. Mtafiti wa lishe Irwin Rosenberg alipopendekeza jina la sakopenia mwaka 1989, alilenga kupungua kwa mnofu uzeeni. Kikundi cha wataalamu wa Ulaya kiliporekebisha mwongozo wake mwaka 2018, kilitanguliza nguvu: mwanamume ambaye kiganja chake hakifikishi kilo 27 anapobana kifaa, au mwanamke asiyefikisha kilo 16, hushukiwa kwanza, na kiasi cha misuli hupimwa baadaye ili kuthibitisha.

Kuhusu kitenzi, "kupoteza misuli" kinanifanya nidhani mtu ameiangusha njiani. Wengi huandika "misuli husinyaa", ila vitabu vya shule vimekwisha kulitumia neno hilo kwa msuli unaojikaza ili kuuvuta mfupa, hali ya muda mfupi tu. Kwa msuli unaopungua siku hadi siku ningechagua "kunywea".

Mwisho, "misuli kubwa" ni kosa, ingawa chanzo chake kinaeleweka: kiambishi i- katika "misuli imelegea" kinafanana na kile cha "nyumba imelegea", na sikio hudanganyika likadhani ni ngeli moja. Ni msuli mkubwa, misuli mikubwa. Sentensi yako basi ningeiandika hivi: "Mtu anapozeeka misuli yake hunywea, na nguvu zake hupungua upesi kuliko misuli yenyewe inavyopungua, kwa hiyo tutapima mzingo wa shavu la mguu wako, na pia tutakuomba ubane kifaa kwa kiganja."