Mama wa mtoto mwenye degedege hahitaji kukaripiwa

Shikamoo Mama. Mimi ni mkufunzi mpya katika chuo cha uuguzi, mkoa wa Pwani. Nimepewa somo la mila na desturi za wagonjwa. Kitini nilichokikuta kinaorodhesha makabila: hawa wanaamini hili, wale hawali lile. Wanafunzi wanakariri na wanafaulu. Juzi niliwapeleka wodi ya watoto. Akaletwa mtoto wa miaka miwili, homa kali, amekesha na degedege. Mama yake alipotaja kuwa walianzia kwa mganga, mwanafunzi wangu aliyeongoza katika jaribio akamfokea mbele za watu: "Mnatuletea maiti, halafu mnasema hospitali inaua!" Mama akainama, na tangu hapo hakujibu swali lolote. Niwafundisheje hawa vijana?
Mkufunzi, Pwani

Marahaba, mwanangu. Hapo mama aliponyamaza ndipo pa kuanzia somo lako.

Waulize wanafunzi tulipoteza nini. Homa kali yenye degedege huenda ikawa malaria kali, nayo hushusha sukari ya mtoto, kwa hiyo tunataka kujua alikula au kunyonya saa ngapi mara ya mwisho. Kama alinyweshwa dawa ya mizizi akiwa hajitambui, huenda imeingia mapafuni. Kama alichanjwa chale, tutafute kidonda. Majibu yote hayo alikuwa nayo mama, na sentensi moja imemfunga mdomo. Waambie wazi kwamba lile lilikuwa kosa la kitabibu. Wakilichukulia kuwa suala la adabu tu, watalisahau wakishatoka kwenye chumba cha mtihani.

Kisha waeleze hofu ya sindano ilikotoka. Huko Pwani watu wazima wengi wamekua wakisikia kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waliikuta imani hiyo, pamoja na tiba za nyumbani kama kumfukiza mtoto kwa kinyesi cha tembo. Darasa litacheka hapo. Usiwaache na kicheko chao, wape mfano wa kufuatilia. Homa imeanza Jumatatu. Baba yuko baharini, bibi anahangaikia nauli, mganga yuko jirani. Jumatano usiku mtoto anafikishwa hospitali hajitambui, anachomwa sindano, na kabla ya alfajiri amefariki. Majirani wameona nini? Wameona sindano, kisha msiba. Walitazama vizuri kabisa, ila hakuna aliyewaeleza kwamba malaria ilikuwa imeshafika kwenye ubongo kabla ya sindano. Tena kwa miaka mingi dawa yetu ilikuwa kwinini, ambayo nayo hushusha sukari. Ni mwaka 2011 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipoelekeza watoto wenye malaria kali watibiwe kwa artesunate, na kwa dawa hiyo wanapona wengi zaidi. Bibi anayekataa sindano leo aliuguza watoto wake enzi za kwinini. Mwanafunzi akilijua hilo, atazungumza naye kwa sauti nyingine.

Kitini cha makabila kiweke kabatini. Mzaramo anayeuza vipuri Kariakoo na shangazi yake aliyebaki Kisarawe hawauguzi mtoto kwa namna moja, na anayedhani ameshawajua wote wawili kwa kusoma ukurasa mmoja haulizi tena. Mimi ningefundisha kuuliza. Mwaka 1978 daktari wa Marekani Arthur Kleinman na wenzake walichapisha maswali ya kumsaidia tabibu kujua mgonjwa mwenyewe anauelewaje ugonjwa wake. Kwa wodi zetu nayasema hivi: Mama, nyumbani mnaona mtoto ana nini? Mnadhani kimesababishwa na nini? Mmeshamsaidia kwa dawa gani mpaka sasa? Mnahofia nini tukimtibu hapa? Na huko nyumbani, nani mwingine anasubiri kusikia tumeamua nini? Hilo la mwisho nimeliongeza mwenyewe, kwa sababu mara nyingi mwenye kauli ni baba au bibi ambaye hajafika wodini, na mama anaogopa kukubali peke yake.

Wanafunzi wasiigize umama wao kwa wao, maana kila mmoja anajua jibu ambalo mwenzake analitaka. Muombe sista wa kliniki ya mama na mtoto akutafutie wanawake wawili watatu, watu wazima, walio tayari kuja darasani. Walipwe nauli na chai. Vijana wawasalimie inavyostahili, wakae nao, wawaulize; halafu hao wakina mama ndio watoe maksi. Muuguzi wa Kimaori wa New Zealand, Irihapeti Ramsden, alilipigania sana jambo hili: anayesema kama huduma imemlinda utu wake ni aliyehudumiwa, siyo muuguzi. Katika miaka ya 1990 baraza la wauguzi la nchi ile likaliweka kwenye mafunzo. Na wewe liweke kwenye mtihani wa vitendo, kituo kizima chenye maksi zake. Wanafunzi husoma kinachotahiniwa, nawe unajua.

Wapeleke pia wakaone watu wanaolifanya vizuri. Nilimtazama sista mmoja akitafuta mshipa kwa mtoto aliyefungwa hirizi kwenye kifundo cha mkono, uzi mweusi umekaza palepale alipotaka kuweka kanula. Mwanafunzi alikuwa ameshashika mkasi. Sista akamwambia bibi, "Mama, naomba uihamishie mkono huu mwingine, nipate nafasi ya dripu." Bibi akaifungua mwenyewe, akaihamisha, kisha akamshika mtoto asitikisike. Dripu ikaingia.

Utaulizwa kama basi tukubali kila kitu. Hapana. Kukata kimeo, au kumng'oa mtoto mchanga yale yanayoitwa meno ya plastiki, yaani vijino vyake ambavyo bado vimo ndani ya ufizi, nakataza waziwazi, kwa sababu watoto wanatoka damu na kupata maambukizi ya kuua. Ila nakataza nikishamsikiliza mzazi mpaka mwisho, na namwambia hicho kikohozi au kuhara kwa mtoto tutakitibu kwa nini.

Yule mwanafunzi wako mwite pembeni, usimuumbue kama alivyomuumbua mwenzake. Mama akiwa bado yuko wodini, nendeni wote wawili. Asisimame juu yake. Aketi, amsalimie, amuulize hali ya mtoto, aombe radhi.

Mama, shikamoo. Nasoma uuguzi mwaka wa pili, niko mazoezini Unguja. Mimi ni Mkristo. Mzee mmoja wa kliniki ya kisukari amesema Ramadhani atafunga. Naona nikimuuliza nitaonekana namkataza dini yake.
Mwanafunzi

Marahaba. Muulize, mwanangu, wala usimuonee haya. Atafurahi kuwa umejali. Anza na anavyofunga: daku anakula saa ngapi, futari yake ni nini, mwaka jana aliwahi kuzidiwa? Kisha mpeleke kwa daktari kabla mwezi haujaandama, maana wapo ambao kufunga ni hatari kwao, na anayeruhusiwa hubadilishiwa vipimo na saa za dawa. Asijipunguzie mwenyewe. Wazee wengine huogopa kujipima sukari mchana. Wanazuoni wengi wanasema tone la damu la kipimo halibatilishi funga, lakini akiwa na shaka, muombe amuulize imamu wake, asikutegemee wewe kwa fatwa. Mwandikie kwenye kadi yake, kwa herufi kubwa: sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L afungulie palepale, hata kama magharibi imebaki dakika chache. Ikipanda juu ya 16.6 mmol/L afungulie vilevile, na aje hospitali.